Mparachichi unakufa kabla haujazaa: mwongozo kamili wa kuupanda nyumbani, kuanzia kokwa mpaka kuvuna

Malalamiko ni yale yale kila siku. Mtu kapanda mche mzuri kabisa, kaujazia mbolea shimoni, anaumwagilia asubuhi na jioni, miezi mitatu minne unapendeza, alafu majani yanaanza kulegea na kukauka nchani, anaongeza maji, hali inazidi, mwisho mti unakauka kuanzia juu kushuka chini. Mwingine alifukia kokwa la parachichi tamu alilokula, mti sasa umepita paa la nyumba na hajaona hata ua moja. Hao wawili ndo nawaandikia.

Nianze na kitu kimoja ambacho ukikishika, hatua zote hapo chini zitakuingia. Mizizi ya parachichi inayofyonza chakula iko juu juu, mingi kwenye sentimita 15 hadi 30 za kwanza za udongo, na haina vinyweleo vingi kama mimea mingine, kwa hiyo inahitaji udongo wenye unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Hewa ikikosekana hata siku chache mizizi inaanza kuoza. Miche mingi haifi kwa kiu, inafia kwenye maji.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Makokwa 3 au 4 kutoka kwenye matunda yaliyoiva vizuri, au mche uliokwisha bebeshwa (yaani uliounganishwa juu yake na tawi la mti mwingine unaozaa vizuri) kama hutaki kuanzia mwanzo
- Viriba virefu vyenye matundu chini, kina kisipungue sentimita 30
- Udongo wa juu, mboji iliyoiva kabisa na mchanga (mafungu 2, 1 na 1)
- Kisu chembamba chenye makali sana ama wembe mpya, na spiriti ya kukisafishia
- Tepu ya kubebeshea, au vipande vya nailoni laini vya upana wa sentimita 2 hivi
- Vifuko vidogo vya nailoni inayoonesha
- Jembe, beleshi, ndoo, rula
- Matandazo: vipande vya matawi, magome, majani makavu, nyasi kavu zisizo na mbegu
- Rangi nyeupe ya maji
- Vijiti viwili vya kuegemezea na kamba laini

Mbolea ya dukani sijaiweka hapo makusudi, tutaifikia na wala huihitaji siku ya kupanda.

## Hatua ya 1: Pima jinsi ardhi yako inavyonyonya maji

Fanya hii kabla hujatoa hela ya mche. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, kijaze maji, yaache yaishe yote, alafu kijaze tena. Hii mara ya pili ndo ya kupima. Simamisha rula ndani, subiri saa moja, soma maji yameshuka kiasi gani.

Yakishuka sentimita 5 au zaidi uko vizuri. Yakishuka chini ya sentimita 3, ardhi yako inashikilia maji na ukichimba shimo la kawaida hapo utakuwa umetengeneza bwawa, mti lazima utakufa mvua zikianza. Suluhisho ni tuta, siyo shimo kubwa zaidi. Inua udongo urefu wa sentimita 40 hadi 60, upana mita moja na nusu au zaidi, tumia udongo huo huo wa pale nyumbani ukichanganya na mboji kidogo, uache ushuke wiki mbili tatu ndo upande juu yake. Udongo wa kichanga ambao maji yanapotea ndani ya dakika chache nao unafaa, ila matandazo yawe mazito na maji uweke kidogo kidogo mara nyingi.

Wakati unachagua sehemu angalia pia jua, angalau saa 6 za jua kwa siku. Kaa mita 6 kutoka kwenye ukuta au bomba, manake mti huu unakua mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Sehemu ambayo maji ya paa yanadondokea, hapana. Sehemu mnayomwaga maji ya kufulia, hapana pia, parachichi haivumilii chumvi na sabuni ya unga ina chumvi nyingi.

## Hatua ya 2: Amua, kokwa au mche uliobebeshwa

Kokwa la parachichi halitoi mti unaofanana na mama yake. Tunda ulilokula lilikuwa tamu na lina mafuta, mtoto wake anaweza kuwa na maji na nyuzi, au akachelewa sana. Mti wa kokwa unaweza kuchukua miaka 5 mpaka 10 na zaidi kutoa tunda la kwanza. Uliobebeshwa unaanza miaka 3 au 4. Kwa hiyo kokwa lina kazi moja, kukupa mizizi na shina la chini, juu yake unabebesha kikonyo, yaani kipande cha ncha ya tawi, cha aina unayoitaka.

Kama unanunua mche, usiangalie majani tu. Tafuta kovu la kubebesha, lazima lionekane, kama halipo huo ni mche wa kokwa hata muuzaji aseme nini. Kichungulie kiriba chini, mizizi yenye rangi ya maziwa ni mizima, mizizi myeusi inayokatika kirahisi iache hapo hapo dukani, utaleta ugonjwa nyumbani. Na mche mkubwa kwenye kiriba kidogo mizizi yake imeshajizungusha, mdogo ni bora. Ukishanunua, ruka mpaka hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Otesha kokwa

Tumia kokwa bichi, siku moja au mbili baada ya kulitoa kwenye tunda, likikaa likakauka nguvu inapungua. Lioshe utelezi wote na ubandue lile ganda la kahawia la nje, linaota haraka zaidi. Usichukue makokwa ya matunda yaliyolala chini ya mti, yanaweza kuwa yameshabeba vimelea vya kuoza mizizi.

Jaza kiriba mchanganyiko wako, weka kokwa upande mpana chini na ncha juu, ukipindua mche unatoka umepinda. Acha ncha ichungulie kidogo juu ya udongo. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu wa kawaida tu. Wiki 3 hadi 6 kokwa linapasuka katikati na mzizi unatangulia kushuka, shina linafuata baadaye, kwa hiyo usilifukue ukidhani limekufa. Wale wanaotumia glasi ya maji na vijiti sina ugomvi nao, ila mizizi ya majini ikihamia kwenye udongo inapata shida, kiriba ni njia fupi.

Umefanikiwa ukiona shina moja lililonyooka na majani ya kijani kilichokolea. Yakitoka mashina mawili acha lenye nguvu.

## Hatua ya 4: Kubebesha

Hapa ndo wengi wanakata tamaa na kuita fundi. Kazi yenyewe ni dakika kumi, tatizo huwa ni kikonyo kibaya au mkono mzito.

Mche wa chini uwe umefikia unene wa penseli, kawaida miezi kadhaa tangu kuota. Kikonyo kitoke kwenye mti unaozaa unaoujua tunda lake, chukua ncha ya tawi lililokomaa, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka, unene ulingane na mche wako, urefu sentimita 10 hadi 12. Tawi laini la kijani linalopinda ovyo halifai, litasinyaa. Kata majani yote ila bakiza vishikizo vyake vya sentimita moja. Funga vikonyo kwenye gazeti lenye unyevu, tia kwenye mfuko, kaa navyo kivulini na uvitumie siku hiyo hiyo.

Futa kisu kwa spiriti, kisha:

1. Kata mche wa chini sawasawa kwenye urefu wa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Bakiza majani machache chini ya mkato, ndo yatakayolisha mizizi wakati huu wa kusubiri.
2. Pasua katikati ya shina kushuka sentimita 3 au 4.
3. Chonga mwisho wa kikonyo pande mbili kiwe kabari ya urefu huo huo. Kila upande mkato mmoja, usikwangue kwangue, uso ukiwa na mabonde haushikani. Na usiuguse kwa vidole.
4. Ingiza kabari kwenye mpasuo. Ukiangalia mkato kwa karibu utaona kamstari kembamba ka kijani kati ya gome na mti mweupe, hako ndo kanakoungana. Kamstari ka kikonyo kakutane na ka mche. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina usikiweke katikati hata kama kinapendeza hivo, kisogeze upande mmoja ili angalau huko vikutane.
5. Funga tepu kuanzia chini kupanda juu, kaza, ufunike mpasuo wote maji yasiingie.
6. Kivishe kikonyo kifuko cha nailoni, kifunge chini ya maungio. Weka kivulini, jua la moja kwa moja likipiga nailoni kikonyo kinapikika humo ndani.

Alafu uache. Kila anayefungua kuchungulia siku ya tano anaharibu. Ikifika wiki ya 2 au 3 gusa kile kishikizo cha jani kupitia kwenye nailoni, kikidondoka chenyewe na kikonyo bado kijani, kimeshika. Kishikizo kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, na kikonyo kimeanza weusi, hicho kimekufa, kata chini kidogo na urudie mche ukichipua vizuri.

Wiki 3 hadi 5 macho yanafunguka. Chipukizi zikifika sentimita 2 au 3 toboa kifuko, siku chache baadaye kitoe jioni jua likishatulia. Kila kinachochipua chini ya maungio kitoe kwa kidole kila wiki bila huruma, kikiachwa kinakula chakula chote na kikonyo kinadumaa. Baada ya miezi 2 au 3 kata tepu kwa wembe, isipokatwa inanyonga shina na upepo unakuja kulivunja pale pale.

## Hatua ya 5: Zoesha mche jua

Mche uliolelewa kivulini ukiuhamishia juani siku moja majani yanaungua mabaka ya kahawia. Wiki ya kwanza mpe jua la asubuhi tu, ongeza taratibu, ndani ya wiki 3 uwe juani kutwa nzima. Panda wakati kuna unyevu ila siyo kwenye kilele cha mvua. Kama kwenu kuna baridi ya kugandisha, subiri iishe kabisa, mche mdogo hauivumilii hata kidogo.

## Hatua ya 6: Kupanda

Sahau lile shimo la mita moja lililojaa samadi. Shimo la parachichi kina chake ni sawa na urefu wa udongo ulio kwenye kiriba, basi, ila upana uwe mara mbili hadi tatu. Sababu ni kwamba ukichimba chini zaidi na kurudishia, ule udongo laini unashuka, mti unazama nao, maungio (lile kovu la kubebesha) na shina vinajikuta ardhini na gome linaanza kuoza. Samadi ya chini shimoni ndo mbaya zaidi, inachacha, inatumia hewa ya mizizi na kuunguza ile michanga.

Parua kuta za shimo kwa jembe zisiwe laini kama zimepigwa lipu. Chana kiriba kwa wembe upande na chini, kiondoe mti ukiwa umeshauweka shimoni, usiushike shina na kuuvuta. Mizizi ya parachichi inakatika kirahisi sana, usiitikise wala kuikung'uta udongo. Juu ya udongo wa kiriba kuwe sawa na ardhi au sentimita 2 hadi 5 juu zaidi, maungio yabaki juu kabisa. Rudishia udongo ule ule uliochimba, bonyeza kwa mikono, siyo kwa miguu. Mwagilia ndoo moja taratibu, udongo ukishuka ongeza.

Weka vijiti viwili pembeni na kamba iliyolegea, mti uweze kuyumba kidogo, kuyumba ndo kunanenepesha shina.

Umefanikiwa kama baada ya kumwagilia hakuna maji yaliyosimama kwenye shina na ukitazama kutoka pembeni mti unaonekana uko kwenye kimwinuko.

## Hatua ya 7: Matandazo na rangi

Tandaza vipande vya matawi na majani makavu unene wa sentimita 10 hadi 15, kuanzia sentimita 15 au 20 kutoka kwenye shina kwenda nje mpaka kupita ncha za matawi. Yasiguse shina, gome likikaa na unyevu linaoza na panya wanapata kificho. Hii hatua watu wanaiona ya urembo wanairuka, mimi naiweka juu ya mbolea yoyote ile, mizizi inapanda mpaka ndani ya matandazo yenyewe na wadudu wadogo wanaofanya kazi humo wanasaidia kuvizuia vimelea vya kuoza mizizi. Majani ya mti yakidondoka usifagie, yaache hapo. Wala usilime kwa jembe chini ya mti, magugu yang'oe kwa mkono.

Shina na matawi yaliyo wazi kwenye jua kali yapake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Isiwe rangi ya mafuta. Gome changa la parachichi linaungua na jua na halisahau.

## Hatua ya 8: Kumwagilia, hapa ndo miti inafia

Mwezi wa kwanza kusipokuwa na mvua anza na lita 10 mara mbili au tatu kwa wiki. Hicho ni kianzio tu, anayeamua ni kidole. Kila kabla ya kumwagilia sogeza matandazo, ingiza kidole mpaka kiishe chote, ukikuta unyevu unaobaki kwenye ngozi, rudisha ndoo ndani. Ukikuta kukavu, mwagilia kwa kuzunguka pembeni, siyo kwenye shina.

Sasa mtego uko hapa. Mparachichi wenye kiu unalegeza majani, na mparachichi unaozama nao unalegeza majani. Kwa macho vinafanana, ndo maana mtu anaongeza maji kwenye mti unaokufa kwa maji. Tofauti iko ardhini. Fukua taratibu kwa vidole kwenye ncha ya kivuli cha mti, tafuta vimizizi vyembamba. Vikiwa vya rangi ya maziwa, na udongo mkavu, mpe maji. Vikiwa vyeusi vinavunjika ukivigusa, na udongo umelowa, mti una ugonjwa wa kuoza mizizi, mara nyingi ni kimelea kinaitwa Phytophthora cinnamomi ambacho kinaogelea kwenye maji ya udongo kutafuta mizizi.

Ukikuta hivyo simamisha maji mpaka pale juu pakauke kidogo, chimba mfereji mdogo wa kutoa maji, punguza matawi ili mizizi iliyobaki ibebe mzigo mdogo, ongeza matandazo ya vipande vya miti, mbolea usiweke kabisa. Zipo dawa zenye fosfonati zinazosaidia mti ambao haujafika mbali, muulize mtaalamu wa kilimo na ufuate maelekezo ya kwenye pakiti. Udongo wa hapo usiuhamishie kwingine na jembe ulioshe.

Ncha za majani ya zamani zikikauka kahawia wakati mti mwingine wote uko poa, hiyo ni chumvi ya maji au mbolea. Mara moja moja mwagilia kwa wingi ili ishuke chini, mradi ardhi yako ilifaulu kipimo cha hatua ya 1.

## Hatua ya 9: Mbolea

Subiri mti utoe majani mapya yakomae ndo uanze. Mboji iliyoiva juu ya ardhi, chini ya matandazo, inatosha kwa bustani nyingi. Ya dukani yenye naitrojeni weka kidogo sana kila mara, ukirudia mara kadhaa kwa mwaka, mbali na shina, kwenye udongo wenye unyevu. Samadi ya kuku mbichi usiiweke. Majivu nayo usirundike, yanapandisha alkali, na parachichi inapenda pH 6 hadi 6.5, ikipanda sana majani mapya yanakuwa ya njano mishipa ikibaki kijani manake chuma hakifyonzwi.

## Hatua ya 10: Maua

Ua la parachichi linafunguka mara mbili. Ukilitazama mara ya kwanza utaona sehemu ya kike imesimama katikati na vijiti vya chavua vimelala bapa, linafunga, kesho yake linafunguka tena na vijiti vimesimama vinatoa chavua, ukike wake umeshapita. Aina za kundi A, kama Hass, zinakuwa za kike asubuhi na za kiume mchana wa siku inayofuata. Kundi B kama Fuerte ni kinyume, kike mchana, kiume asubuhi ya kesho yake. Hass peke yake inaweza kuzaa, ila kama una nafasi ya miti miwili panda A na B, au bebesha tawi la B kwenye mti wako wa A, uzao unaongezeka.

Maua mengi yatadondoka, ni chini ya moja kwa mia yanayokuwa tunda, usiite fundi kwa hilo. Usipige dawa ya wadudu wakati wa maua, nyuki na nzi ndo wanafanya kazi. Mti ukichanua mwaka wa kwanza toa matunda yote, uweke nguvu kwenye mizizi.

Kupogoa ni kidogo tu: kata kilichokufa na punguza ncha inayokimbilia juu ili ufike kuvuna. Majani na magome usiwape mbuzi, sungura, farasi wala ndege, yana sumu inayoitwa pasini na inaua.

## Hatua ya 11: Kuvuna

Parachichi haliivi likiwa mtini, kwa hiyo kusubiri lilainike juu ya mti ni kusubiri lidondoke. Chuma moja kubwa, liache ndani. Likilainika ndani ya siku 5 hadi 10 bila kusinyaa, mengine ya ukubwa huo yako tayari. Likisinyaa na kuwa kama mpira, rudi baada ya wiki mbili tatu. Ukilipasua angalia pia ngozi ya kokwa, ikiwa nyembamba ya kahawia limekomaa, ikiwa nene nyeupe bado. Kata kwa mkasi ukibakiza kijiti kifupi kwenye tunda, ukilinyofoa linaoza kuanzia hapo kwenye tundu.

## Kama bustani ina matunda mengine

Machungwa na malimao yanafuata sheria ile ile ya maungio kukaa juu ya udongo na shina kutolowa, na machipukizi yenye miiba mirefu yanayotoka chini ya maungio toa yote. Papai nalo shina linaoza likituama maji, lipande kwenye tuta, weka miche mitatu sehemu moja manake jinsia huijui mpaka lichanue, kisha bakiza mmoja wenye maua ya kike au ya jinsia mbili. Mwembe unavumilia ukame kuliko vyote hivi na unahitaji kipindi kikavu ili uchanue vizuri, usiuweke kwenye ratiba moja ya maji na parachichi. Migomba ipande mbali, inahitaji maji mengi na kila utakapoinywesha utakuwa unaizamisha mizizi ya jirani yake.